Kanda za Ng'ambo ya Jua

Machi 4

Daftari hili nimepewa leo ofisini niandike namba za kanda na hali zake. Namba nitaziandika kuanzia nyuma. Upande huu wa mbele ni wangu.

Kazi yenyewe ni hii. Stoo ya kituo chetu cha televisheni ina kanda mia nne na kumi na nane za tamthilia ya Ng'ambo ya Jua, yaani miaka ishirini na moja ya mwanzo. Miaka kumi iliyofuata imehifadhiwa kwenye kompyuta, haina shida. Lakini hizi kanda zinaota kuvu, na mashine inayoweza kuzisoma ili tuzihamishie kwenye kompyuta imebaki moja. Fundi mitambo wetu, ambaye tunamwita Kobe kwa sababu hajawahi kukimbilia jambo lolote, ameipima na kusema kichwa chake cha kusomea kimelika. Kimebakiza saa mia mbili na hamsini, au pungufu. Kipuri chake hakitengenezwi tena popote. Kanda moja ni sehemu moja, saa nzima. Kwa hiyo kanda zaidi ya mia na sitini zitakufa humu humu ndani, na mimi mtunza stoo ndiye nitakayezichagua.

Tamthilia ilianza nikiwa na miaka kumi na mitatu. Baba yangu alikuwa seremala wa studio. Chombo cha angani alikijenga yeye, kwa plaiwudi na rangi ya fedha. Siku hizi anaishi kwangu, na mkongojo wake na maneno yake machache. Nilipomweleza kazi niliyopewa alisema ile plaiwudi ilikuwa ya daraja la pili. Akaendelea kula.

Machi 5

Mvua imeanza. Kanda tano.

Machi 7

Nilidhani naikumbuka hii tamthilia. Kumbe nilikuwa nakumbuka nyota tu.

Mwaka wa kwanza, chumba cha kuongozea chombo kina kiti kimoja, cha nahodha. Wengine wote wamesimama, wazee kwa vijana, safari nzima ya kuvuka anga. Na kuna mwanamke mmoja. Tumefika kwenye sayari zenye miezi mitatu, tumeongea na viumbe wasio na miili, na kazi ya yule mwanamke ni kuingia na sinia la chai. Nimehesabu: sehemu ishirini, masinia kumi na saba. Hana jina. Nahodha anamwita "wewe".

Kinachonishangaza ni kwamba watu waliokaa chini wakawaza dunia ya miaka mia tatu mbele walikuwa na akili nyingi kweli. Waliwaza mashine inayoongea. Waliwaza watu wanaonana uso kwa uso kupitia kioo cha mfukoni, miaka mingi kabla hatujakiona. Mtu wa kuwaza hayo yote akashindwa kumwaza mwanamke aliyeketi.

Machi 8

Kanda nne. Mbili zilinata, nikazisafisha kwa spiriti na pamba.

Machi 12

Mwaka wa tatu, sehemu ya tatu. Mwanamke wa sinia ameshapandishwa cheo, sasa ni daktari wa chombo. Anamwambia nahodha kwamba amekosea dawa. Nahodha anamzaba kofi. Halafu zinasikika zile sauti za kicheko zilizowekwa ili watazamaji wajue pa kucheka.

Niliisimamisha mashine. Nilikuwa nimekumbuka kwamba sisi nyumbani pia tulicheka. Marehemu mama alicheka. Mimi nilicheka mpaka nikashika tumbo, nikiwa na miaka kumi na mitano, na wiki nzima shuleni tulikuwa tukizabana makofi na kusema maneno ya nahodha.

Machi 15

Mkurugenzi wa vipindi ameleta orodha. Kuna kituo cha nje kinataka kuinunua tamthilia yote, na yeye ameamua tuhamishe kuanzia mwaka wa nane kwenda mbele. Nilipomwambia kwamba nimeshahamisha sehemu arobaini na sita, zote za miaka mitatu ya mwanzo, aliiweka orodha mezani. Si mtu wa kufoka. Alisema zile ni za aibu, kwamba binti zake wataziona, kwamba hakuna mtu anayewaonyesha wageni chumba asichokifagia. Nizifute kwenye kompyuta, na kanda zenyewe zikatupwe, zipishe nafasi. Nimpe jibu mwisho wa mwezi ujao kwamba imefanyika.

Nimesema sawa. Sijafuta kitu.

Machi 18

Leo nimeiba saa moja ya kichwa cha mashine.

Mwaka wa nne haumo kwenye orodha, lakini nilijua kuna sehemu ninayoitafuta. Niliipata kwenye kanda ya pili kutoka mwisho, kuvu imeizunguka kama chumvi. Injini ya chombo imezimika. Mlango wa chini unafunguka, anatoka msichana mwembamba mwenye ovaroli na grisi mpaka kwenye masikio, anawaambia wanaume wote wampishe. Anaiwasha injini. Hakuna anayemshukuru. Anajifuta mikono, anarudi chini.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Wiki ile ile nilichukua fomu ya chuo cha ufundi, umeme na mitambo, na baada ya kuificha miezi mitatu nikampelekea baba aisaini. Alisema umeme si kazi ya wanawake. Hakupandisha sauti, aliisukuma tu fomu upande wangu wa meza. Mjomba, ndugu yake mama, ndiye aliyeisaini, na baba na mjomba hawakusemeshana karibu mwaka mzima.

Jambo ambalo sikulijua mpaka leo ni hili. Mwisho wa sehemu yanapita majina ya waliotengeneza. Benchi la fundi, sanduku la vifaa vyake, ngazi ya kushukia kwenye injini: seremala, jina la baba. Alimchongea yule msichana benchi kazini, akaja nyumbani akanirudishia fomu yangu.

Jioni nilimwuliza kama anamkumbuka msichana wa injini. Alisema anakumbuka. Nikangoja. Akaomba chumvi.

Machi 19

Kanda sita, za kwenye orodha. Sikuongea na baba.

Machi 21

Mvua, mvua, mvua. Kanda tano. Kobe anasema mashine imeanza kupiga mluzi.

Machi 27

Naandika mikono ikiwa bado inanuka kuvu.

Nilifika saa moja asubuhi nikakuta mlango wa stoo uko wazi na korido imejaa kanda, zimepangwa chini juu ya magazeti, safu kwa safu. Mama Ndoo alikuwa amepiga magoti katikati akizifuta moja moja kwa kanga kavu. Mama Ndoo ndiye anayefagia jengo letu. Tunamwita hivyo kwa sababu humwoni bila ndoo mbili. Paa lilikuwa limepasuka juu ya rafu ya mwaka wa tisa mpaka wa kumi na moja. Yeye alifika kabla ya mtu yeyote, akasikia maji, akaenda kuamsha mlinzi apate ufunguo. Peke yake alikuwa ameshatoa kanda hamsini na tatu.

Nilimwuliza alijuaje kwamba zisilazwe, zisimamishwe. Alisema hakujua. Alizisimamisha kwa sababu ndivyo zilivyokuwa kwenye rafu, na aliona aliyezipanga lazima alikuwa na sababu.

Mimi, yeye na Kobe tulibeba mpaka saa sita mchana. Kobe alikimbia. Nimemwona kwa macho yangu akikimbia na kanda nane kifuani. Tumepoteza tisa. Zilizobaki tumeziweka chumba cha mitambo penye joto. Mkurugenzi alikuja, akavua koti, akabeba na yeye, hakusema lolote kuhusu orodha.

Zikikauka, hizo ndizo za kuhamisha kwanza kabla hazijaoza.

Aprili 2

Mwaka wa kumi, sehemu ya tano. Nimelia kazini, na Kobe amejifanya anatafuta bisibisi.

Chombo kimeingiliwa na ugonjwa. Mwaka wa tisa wote watu wanavaa glavu, mgonjwa anafungiwa, chakula kinasukumwa kwa kijiti kirefu mpaka mlangoni kwake. Kamera yenyewe inamwogopa, inamtazama kwa mbali. Halafu inafika hii sehemu ya tano. Baharia mmoja mzee, mtu ambaye miaka yote amekuwa wa kuchekesha, anafungua mlango ule, anaketi sakafuni, anavuta sahani ya mgonjwa na kuanza kula naye. Wanakula. Dakika nne nzima hakuna muziki wala neno.

Mwaka ule mjomba alikuwa anaumwa kwetu, ugonjwa wenyewe, ule ambao hatukuutaja. Alikuwa na kikombe chake na sahani yake yenye alama ya rangi chini. Sote nyumbani tulijua tusiiguse. Sehemu hii ilirushwa Alhamisi. Jumapili mama alipakua chakula, akaenda chumbani kwa mjomba na sahani moja tu, akafunga mlango. Nikasikia vijiko viwili. Mjomba alifariki miezi mitatu baadaye, na kwa miezi hiyo hakula peke yake hata siku moja.

Nimekuwa najiuliza mchana kutwa: waandishi wa tamthilia walimfundisha mama, au kuna mama mmoja mahali fulani alishafanya vile na wao wakamwona? Sijui. Labda wote walikuwa wanasogea pamoja gizani, kila mmoja akidhani yuko peke yake.

Nilimsimulia baba. Safari hii hakuomba chumvi. Alisema, "Yule mzee hakuandikiwa kula. Aliandikiwa kusimama mlangoni." Kisha akaniuliza nitafika lini mwaka wa kumi na mbili.

Aprili 3

Kanda saba. Zimekauka vizuri. Sasa nachungulia mwaka wa kumi na mbili kama mtu anayengoja barua.

Aprili 9

Nimefika.

Sehemu ya kumi na moja. Nahodha ni yule yule, nywele zimekuwa na mvi. Daktari ni yule yule. Anamwambia nahodha amekosea, karibu kwa maneno yale yale ya mwaka wa tatu. Nahodha anainua mkono. Nyuma yao wafanyakazi wote wa chombo wanageuka na kumtazama, na hakuna anayesogea. Mkono unabaki juu. Unabaki, unabaki, mpaka unaona vidole vinaanza kutetemeka. Halafu unashuka wenyewe. Hakuna kicheko kilichowekwa.

Nilirudi nyumbani mapema, nikavuta stuli nikaketi mbele ya baba, nikamwambia nimeiona. Alichosimulia nakiandika kama nilivyokisikia.

Kwenye karatasi ya maigizo kofi lilikuwepo. Asubuhi ya kurekodi, mwanamke aliyeigiza daktari akasema hapigwi. Alisema tangu lile kofi la kwanza, miaka tisa, hajaweza kupita barabarani bila wanaume kuinua mikono na kucheka, na kwamba dada yake amepigwa na mumewe kwa maneno yale yale ya nahodha. Mwongozaji akasema ni igizo tu. Ndipo mtu wa taa akazima taa zake. Mtu wa sauti akavua vipokea sauti vya masikioni. Mmoja mmoja, kazi ikasimama. Mwongozaji akabishana mpaka mchana, kisha akasema haya, rekodini bila kofi tuone itakavyokuwa. Wale wanaogeuka na kutazama nyuma ya nahodha si waigizaji wote. Nusu yao ni mafundi, wamevalishwa sare haraka haraka. Wanamtazama kweli.

Nilimwuliza yeye alikuwa wapi.

"Nyuma ya ukuta," alisema. "Nilikuwa napigilia misumari. Nilisikia kila neno, nikaendelea kupigilia. Hata walipoomba kimya cha kurekodi ilibidi mtu aje anishike mkono."

Nikamwuliza kwa nini. Alitazama mikono yake. Alisema alikuwa anaogopa. Yule msichana wa injini, mwaka wa nne, baada ya sehemu ile kituo kilipokea magunia ya barua za matusi. Sokoni walimrushia takataka. Alidumu sehemu kumi na moja, akaacha, na baba ndiye aliyembebea mizigo yake mpaka kituo cha basi. Aliporudi nyumbani siku ile, mimi nilikuwa nimeweka fomu mezani.

"Benchi lake nililitengeneza kwa moyo mmoja, mwanangu. Nililipima mara tatu. Kwenye plaiwudi nilikuwa jasiri. Wewe hukuwa wa plaiwudi."

Hakuomba msamaha, wala sikumwomba aombe. Miaka ishirini na saba nimembeba baba yangu kama mtu aliyenidharau. Leo nimeona mtu aliyeogopa, na woga wake ulikuwa na sura na mizigo na kituo cha basi. Sijui kama hilo ni jepesi zaidi. Ni jingine, basi.

Aprili 11

Nimemwomba mkurugenzi nusu siku. Nikamwekea sehemu mbili, ile ya kofi na ile ya mkono, moja baada ya nyingine.

Ya kwanza aliangalia chini. Ya pili alisogeza kiti mbele. Zilipokwisha nikamwambia nilichokuwa nimekipanga tangu juzi: "Ukiifuta ile ya kwanza, mzee, hii ya pili inabaki mtu aliyeinua mkono ajikune."

Alicheka. Akaniuliza mimi ningewaambia nini binti zake. Nikasema ningewaambia tulicheka. Kwamba mimi mwenyewe nilicheka mpaka nikashika tumbo, na waniangalie vizuri, maana sikuwa mtoto mbaya.

Amefuta orodha yake kwa kalamu pale pale. Nichague mwenyewe, kutoka miaka yote.

Aprili 12

Kuchagua ni kugumu kuliko kuamriwa.

Aprili 24

Nina njia sasa. Kila mwaka natafuta sehemu ambapo kitu kinaonekana kwa mara ya kwanza na sehemu ambapo hakuna tena anayekishangaa. Za katikati naziacha. Nimeacha vita vingi vizuri vya angani.

Mwaka wa sita, watu wa sayari ya pili ni watumishi, wanaongea kwa kukosea ili tucheke. Mwaka wa kumi na tano mmoja wao anaulizwa jina lake, na sehemu nzima inahusu jinsi ya kulitamka. Mwaka wa kumi na nane ndiye mwalimu wa mtoto wa nahodha, na jina lake linatamkwa na kila mtu bila kusitasita.

Na viti. Mwaka wa saba vinakuwa vitatu. Mwaka wa kumi na tatu vinawekwa duara. Baba anasema hakuna aliyemweleza kwa nini duara. Aliletewa tu michoro mipya, na yeye akasema afadhali, mbao za jukwaa zilikuwa zimeoza.

Mei 3

Mvua imepungua. Kanda tatu. Mashine imepumzishwa.

Mei 8

Mwaka wa kumi na tisa nahodha mpya ni mwanamke. Nilijiandaa kwa jambo kubwa. Anaingia, anaketi, anaomba ripoti ya mafuta. Nikarudisha nyuma nikaangalia tena, kwa sababu nilidhani nimeruka kitu. Miaka kumi na tisa ya kufika pale, na walipofika wakaulizia mafuta. Nywele zilinisimama.

Mei 16

Saa tano na robo asubuhi, katikati ya mwaka wa ishirini, picha ikageuka chenga tupu. Kobe alifungua mashine, akaangalia kichwa kwa lenzi, akafunga, akaweka bisibisi mfukoni. 

Sehemu mia mbili na thelathini na moja ziko salama.

Mei 17

Nilikwenda stoo nikasimama mbele ya zile zilizobaki. Nyingine sikuwahi kuziona na sasa hakuna atakayeziona. Kuna watu mle walioigiza siku moja tu maishani mwao.

Mei 24

Leo mkurugenzi ameandaa onyesho dogo chumba cha mikutano, vipande sita kutoka miaka sita. Walioalikwa ni vijana wanaoandika tamthilia sasa hivi, mwaka wa thelathini na mbili. Nilimleta baba. Amevaa koti lake la kazi la zamani lenye mfuko wa penseli. Vijana walimwamkia mmoja mmoja, shikamoo mzee, naye akaitikia kama nahodha.

Walicheka masinia. Kwenye kofi chumba kilikuwa baridi. Kwenye sahani ya mgonjwa msichana mmoja alitoka nje, akarudi macho mekundu. Baada ya hapo walimzunguka baba wakamwuliza maswali. Kijana mmoja alitaka kujua kwa nini nahodha peke yake alikuwa na kiti.

"Hakuna aliyeuliza," baba alisema. "Na mimi ndiye niliyekuwa na mbao."

Nilimwona yule kijana akilirudia jibu hilo kimoyomoyo. Akasema, kwa heshima lakini kwa kujiamini, kwamba wao sasa wanajitahidi kuuliza kila kitu, na katika chombo cha sasa kila mtu yumo. Akahesabu kwa vidole. Ni kweli, nimeiona, kila aliyetajwa yumo.

Mama Ndoo alikuwa amesimama mlangoni na ndoo zake, akingoja tumalize aingie. Nilikuwa nimemwomba akae nasi, akasema ataangalia akiwa pale pale. Sasa akauliza, taratibu, kama mtu anayeuliza njia:

"Samahani wanangu. Humo ndani nani anafagia?"

Kijana alianza kuhesabu tena kwa vidole. Nikaona wote wanatafuta vichwani mwao, na mimi nikatafuta, mtu niliyeangalia sehemu mia mbili na thelathini na moja kwa macho haya. Viatu vyote vile. Vumbi la sayari zote zile. Sikukuta ufagio hata mmoja.

Baba alianza kucheka kwa sauti ya chini, akitikisa kichwa. Alisema kila jioni baada ya kurekodi, vumbi la mbao lilikuwa linaondolewa ndani ya chombo, na asubuhi alikuta sakafu inang'aa, na kwa miaka yote ile hakuwahi kumwuliza mtu kitu.

 Kisha yule msichana aliyetoka nje alichukua daftari lake, akamsogelea Mama Ndoo pale mlangoni, akamwamkia, akamwuliza huwa anaanza kazi saa ngapi.

"Saa kumi na moja alfajiri," alisema Mama Ndoo, akiweka ndoo chini. "Ukitaka kuona vizuri uje kabla yangu, maana mimi sisubiri mtu."